Tiketi ya Bure Ndiyo Inatuuza

Wacha niseme kitu kitakachonikosanisha na nusu ya madevelopa wa hii Nairobi: makongamano ya bure yanatumaliza.

Najua tuko na shida zingine. Wai-fai ya ukumbi inakata saa nne asubuhi. Ratiba inaanza ikiwa imechelewa saa nzima na nusu. Mtu anasimama mbele anatusomea slaidi neno kwa neno kama mtoto wa darasa la tatu. Hayo yote yanarekebishika. Lakini yale maneno matamu yanayokaa chini ya kila posta, "Kiingilio ni bure, chakula kipo, beba lapi yako", hayo ndiyo mchwa. Yanakula nyumba kutoka ndani na sisi tuko sebuleni tunapiga selfi.

Kabla unitusi, nisome mpaka mwisho. Mimi pia napenda pilau ya bure.

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Ukumbi una mwenyewe. Mpishi hapikii watu mia mbili kwa sababu anapenda programu huria. Mtu wa spika na maikrofoni analipwa, stima inalipwa, choo kinaoshwa na mtu anayelipwa. Kwa hivyo siku ambayo wewe hukutoa chochote, kuna mtu ametoa kila kitu. Na huyo mtu ni kampuni. Kampuni si shosho yako akupatie soo mbili ya soda kwa sababu amefurahi kukuona umekuwa mkubwa. Kampuni ikitoa pesa, kuna kitu imenunua.

Imenunua nini? Kwa maoni yangu, vitu vitatu.

Cha kwanza ni nambari yako ya simu. Angalia fomu za kujiandikisha vizuri. Jina, sawa. Barua pepe, sawa. Lakini kwani kongamano la Jumamosi moja linataka kujua chuo unachosoma, mwaka utakaomaliza, mahali unafanya kazi, lugha za programu unazojua na kama "unatafuta fursa mpya" ili iweje? Hiyo ni orodha ya kuajiri na ya kuuzia watu bidhaa, imevalishwa nguo za jumuiya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uambiwe data yako inachukuliwa kwa kazi gani, na isitumiwe kibiashara bila ridhaa yako. Mara ngapi umeona hilo limeandikwa kwenye fomu? Unaona tu meseji wiki ijayo kutoka kwa watu hujawahi kuwapa namba.

Cha pili ni saa za jukwaa. Ile mada kubwa ya asubuhi, wakati kila mtu yuko macho na chai imeingia, hapewi mwenye maneno ya maana. Anapewa mwenye hundi. Dakika arobaini na tano za "safari yetu kama kampuni", picha za ofisi, picha za timu wakifanya mazoezi ya kuvuta kamba huko Naivasha, halafu mwisho kabisa, linki ya kujisajili. Dada aliyekaa miezi sita akihamisha mfumo wa malipo usiku ili wateja wasigundue anapewa dakika kumi saa kumi jioni, watu wakianza kutafuta mathree ya kurudi Juja.

Cha tatu ndicho kinanikera zaidi, na ndicho sababu ya kuandika haya yote. Wananunua kimya.

Kimya kinauzwaje

Fikiria mada hizi ungeziona kwenye ratiba:

"Tuliunganisha malipo na kampuni fulani na pesa za wateja zikapotea kwa siku tatu. Hivi ndivyo tulivyozitafuta."

"Nilipewa jaribio la kazi la wiki mbili bila malipo, nikanyimwa kazi, kisha nikaona kazi yangu ikitumika."

"Tuliambiwa tutengeneze programu ya mikopo inayosoma majina yote kwenye simu ya mteja. Tukaitengeneza."

Hiyo ya tatu kaa nayo kidogo. Sisi sote tunakumbuka programu za mikopo zilivyokuwa zinafanya hapa Kenya. Mtu amekopa elfu mbili, amechelewa siku nne, na shangazi yake Kakamega anapigiwa simu, bosi anapigiwa simu, hadi fundi wa viatu anapigiwa simu. Aibu ilikuwa ndiyo njia ya kudai. Mambo yalifika mahali Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka wa 2022 na kupiga marufuku tabia hiyo. Tulilaumu kampuni, tukalaumu serikali kwa kuchelewa. Hatukuulizana swali moja: nani aliandika ule msimbo?

Aliuandika mtu wa rika letu. Pengine alikuwa atachi wa miezi mitatu. Pengine aliona vibaya, akanyamaza kwa sababu hakuwa na mahali pa kuuliza, "Wasee, hii kitu nimeambiwa nifanye ni sawa kweli?" Mahali pa kuuliza swali hilo ndipo kongamano la wasanidi programu linapaswa kuwa. Sasa niambie, mkopeshaji akiwa ndiye amelipia chapati, nani atasimama kuliuliza?

Na usidhani kuna mtu atakuja kutisha mtu na rungu. Mambo hufanywa kwa ustaarabu sana. Nimewahi kuona mzungumzaji akiombwa, kwa tabasamu, "apunguze makali kidogo" kwa sababu marafiki wa mdhamini watakuwa ukumbini. Mada ilikuwa kuhusu kasoro za huduma fulani ya kutuma meseji. Ilipofika jukwaani ilikuwa imegeuka kuwa "mambo matano ya kuzingatia". Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyejifunza chochote.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kongamano lililoazima kila kitu, kutoka ukumbi hadi maji ya kunywa, siku mwenye nguo akiitaka linabaki uchi.

Na mwenye nguo huitaka. iHub ilipofunguliwa mwaka wa 2010 pale Bishop Magua, Ngong Road, ilikuwa kama nyumbani kwa madevelopa wengi wa mji huu. Mwaka wa 2019 ikanunuliwa na CcHUB ya Lagos. Sisemi walifanya vibaya, biashara hubadilika na watu wana mishahara ya kulipa. Nasema tu kwamba wakati huo wote jumuiya zetu zilikuwa wageni. Mgeni halalamiki nyumba ikiuzwa.

"Lakini wanafunzi hawana pesa, buda"

Hapa ndipo najua mnangoja kunichinja. Ati nataka kuwafungia nje watoto wa mama mboga ili matajiri wa Kilimani waongee wenyewe.

Hapana. Hoja hii ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Kuna mwanafunzi ambaye soo tatu ni chakula cha siku mbili. Huyo asilipe. Lakini tusimtumie huyo kama ngao ya yule mwingine mwenye mshahara wa laki na nusu, simu ya laki, anayekunywa kahawa ya mia nne kila asubuhi, kisha anajaza fomu ya bure na siku yenyewe hatokei kwa sababu kumenyesha.

Hiyo ya kutotokea ni ugonjwa mwingine wa bure. Muulize mtu yeyote aliyewahi kuandaa. Fomu inajaa kwa saa mbili, watu wanabembeleza waongezewe nafasi, halafu asubuhi ya siku yenyewe viti nusu vinakodoa macho. Mpishi ashalipwa. Chakula kinagawiwa askari wa lango, si vibaya, lakini yule mwanafunzi wa Nyeri aliyeambiwa "nafasi zimejaa" alikosa kwa sababu ya mtu aliyekuwa kitandani. Mtu akilipa hata soo tatu, atatafuta mwavuli.

Tuchukue mfano. Tuseme tunataka kongamano la watu 200. Tuuze tiketi 120 za wanafunzi kwa sh. 300 na tiketi 60 za walioajiriwa kwa sh. 1,500. Tiketi 20 ziwe za msaada, bure kabisa, kwa yeyote anayeomba bila kuulizwa maswali ya kumdhalilisha. Hiyo ni sh. 36,000 na sh. 90,000. Jumla sh. 126,000.

Sasa tutumie. Wageni 200 na wazungumzaji na wa kujitolea 20, sahani 220 za chapati na ndengu kwa sh. 250 ni sh. 55,000. Chai na mandazi kwa sh. 80 kila mtu, sh. 17,600. Ukumbi wa chuo wakati wa likizo, tuseme sh. 25,000. Spika, maikrofoni na projekta, sh. 10,000. Nauli za wazungumzaji sita wanaotoka nje ya Nairobi, sh. 2,000 kila mmoja, sh. 12,000. Jumla sh. 119,600. Imebaki sh. 6,400 ya ekstensheni za stima na karatasi za majina.

Bei zitapanda hapa na kushuka pale kulingana na mji wako. Lakini ona kilichotokea kwenye hiyo hesabu: hakuna mdhamini hata mmoja, na hakuna mtu amelala njaa. Hakuna tisheti pia, ni kweli. Hakuna stika, hakuna chupa ya maji yenye nembo, hakuna ukumbi wa hoteli ya Westlands wenye zulia linalomeza viatu. Kama ulikuwa unakuja kwa tisheti, Gikomba ipo.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shule ya msingi. Chama cha kina mama mtaani kwenu kinanunua shamba kwa mtindo huo huo. Sisi watu wa kompyuta, tunaojiita werevu, ndio tunashindwa kuchangishana ndengu.

Wenzetu wanafanyaje

Kabla mtu aseme hili ni wazo la kijijini, tuangalie nje kidogo.

PyCon ya Marekani, kongamano la watu wa lugha ya Python, ilianza mwaka wa 2003. Kwa miaka mingi desturi yao imekuwa kwamba kila mtu analipa. Mzungumzaji analipa. Mwandaaji analipa. Asiye na uwezo anaomba msaada wa fedha kutoka kwenye mfuko uliotengwa kwa kazi hiyo. Wana wadhamini wakubwa, ndiyo, lakini hakuna anayeweza kuingia pale aseme "hawa watu wako hapa kwa hisani yangu".

Sasa kuna mjuaji ataniletea FOSDEM. Na ni sawa aniletee. FOSDEM hufanyika kila mwaka Brussels, Ubelgiji, maelfu ya watu wa programu huria wanakuja, haina kiingilio na hata hujiandikishi. Unaingia tu. Je, hiyo haivunji hoja yangu?

Haivunji. FOSDEM inafanyika ndani ya chuo kikuu, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na inachangiwa na michango ya watu wenyewe pamoja na wadhamini. Chakula unajinunulia. Hakuna fomu, kwa hivyo hakuna orodha ya namba za kuuza. Ile ni bure ya harambee. Yetu ni bure ya kampeni: unajua vizuri mtu akikuletea unga na leso na kofia mwezi wa uchaguzi, anataka nini. Kama kuna chuo hapa kitatupatia ukumbi wikendi nzima bila masharti na kila mtu abebe chakula chake kwenye kontena, mimi nitakuwa wa kwanza kufuta bei.

Na msiniambie tutaomba ruzuku za nje. Ruzuku ni nzuri zikiwepo. Wakfu wa Python, Python Software Foundation, umesaidia makongamano mengi duniani, Afrika ikiwemo. Lakini Agosti 2025 wakfu huo ulitangaza kusitisha ruzuku zake kwa muda kwa sababu bajeti ya mwaka ilikuwa imefika kikomo. Hakuna ubaya walioufanya, kibaba chao kiliisha. Swali ni wewe uliyepanga kongamano lako lote juu ya kibaba cha jirani, Septemba unafanya nini?

Hata hapa Nairobi mfano upo. droidcon Kenya huandaliwa na jumuiya ya Android254, na watu hununua tiketi, na ukumbi hujaa. Kwa hivyo ule wimbo wa "Wakenya hawawezi kulipia maarifa" tuuache. Wakenya wanalipia wanachoamini ni chao.

Wadhamini waje, lakini wakae kwenye kiti cha mgeni

Sitaki kuonekana nachukia kampuni. Wengi wetu tunakula huko. Mdhamini akileta pesa zake, zipokewe, kwa masharti yaliyoandikwa na kuwekwa hadharani kabla ya siku yenyewe. Haya ndiyo yangu:

Mdhamini mmoja asitoe zaidi ya robo ya bajeti. Akijitoa wiki ya mwisho, kongamano liendelee na chapati moja badala ya mbili.

Jukwaa lisiuzwe. Mfanyakazi wake akitaka kuzungumza, atume pendekezo kama wengine, na mapendekezo yasomwe bila majina. Wasomaji wasijue kama ni mkurugenzi au mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Maseno.

Orodha ya waliohudhuria haiguswi. Mdhamini apewe meza nje ya ukumbi, aweke stika zake na biskuti, na anayetaka kumpa namba ampe kwa mkono wake mwenyewe.

Mzungumzaji hasomewi slaidi zake mapema na mtu yeyote isipokuwa wasimamizi wa maadili waliochaguliwa na jumuiya.

Kampuni ikikataa hayo manne, imekuambia ilikuwa inanunua nini. Ishukuru kwa ukweli wake na uende zako.

Posta zenye nyuso kumi na mbili

Sasa tugeukie kutangaza, kwa sababu hapa mimi ni mtu wa kontenti na najua tunavyodanganyana.

Posta zetu zote ni moja. Nyuso kumi na mbili ndani ya miduara, mandhari ya zambarau, "mkubwa zaidi Afrika Mashariki", tarehe, nembo za wadhamini kubwa kuliko jina la kongamano. Ukiuliza watazungumza nini, unaambiwa ratiba itatoka. Ratiba inatoka usiku wa kuamkia siku yenyewe. Yaani unaombwa kununua matatu bila kujua inaenda Rongai ama Ruiru.

Tabia ya kuuza nyuso badala ya mada ina mwisho mbaya, na umeshaonekana. DevTernity, kongamano la mtandaoni la wasanidi programu huko Ulaya, lilipangiwa Desemba 2023. Novemba ikafichuka kwamba kwenye orodha ya wazungumzaji kulikuwa na wasifu wa mwanamke ambaye hayupo duniani. Posta ilihitaji sura ya mwanamke, ikatengenezewa. Wazungumzaji halisi wakaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine na kongamano likavunjwa. Hao wanawake wa kweli wa kuzungumza wangepatikana wangetafutwa. Hapa kwetu pia wapo, wanaandika msimbo unaoendesha malipo yako ya kila siku, lakini wanapigiwa simu siku tatu kabla ya posta kutoka ili "kubalansi".

Halafu kuna hii ya kumwambia mzungumzaji atalipwa kwa kujulikana. Kujulikana hakuingizi mtu kwenye basi la kutoka Mombasa. Kama unaweza kulipia puto na zulia jekundu la kupigia picha, unaweza kulipa nauli ya dada wa Swahilipot au kijana wa LakeHub kutoka Kisumu. Usipolipa, kila kongamano la "Kenya" litakuwa la watu walewale kumi wanaokaa umbali wa boda ya mia kutoka ukumbini, wakisema yaleyale waliyosema mwaka jana.

Kutangaza vizuri si kazi ngumu. Toa ratiba wiki sita mapema. Kila mzungumzaji ajirekodi kwa simu yake dakika moja: swali gani atajibu, na nani atafaidika. Hizo video ndizo posta. Zitume kwa wawakilishi wa madarasa JKUAT, Dedan Kimathi, Maseno, vyuo vya ufundi, siyo tu kwenye yale magrupu ya WhatsApp ambayo kila mtu ameyanyamazisha. Usiweke tarehe katikati ya mitihani wala ile wiki mwezi umepiga kona na kila mtu anaishi kwa Fuliza. Ukichagua Jumamosi jua umewaacha Wasabato, kwa hivyo mwaka ujao badilisha. Sema ukweli kuhusu ukubwa: kama ni watu 80, andika 80. Watu 80 wanaosikilizana wana maana kuliko elfu moja wanaopiga foleni ya tisheti.

Na ruhusuni Kiswahili jukwaani, maze. Katiba ya 2010 inakitambua kama lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini ukisikiliza makongamano yetu ungedhani kimepigwa marufuku. Mtu anaeleza jinsi mfumo ulivyoanguka kwa Kiingereza cha wadhamini, kikavu, halafu nje wakati wa chai anaeleza tena kwa Kiswahili na Sheng, na hapo ndipo kila mtu anaelewa. Kongamano likiwa letu, ile ya wakati wa chai ndiyo inapanda jukwaani.

Fungueni vitabu

Nimewasema wadhamini na wahudhuriaji. Waandaaji, sasa ni zamu yenu, kwa sababu mkitaka tulipe lazima tuwaamini.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu. Till iwe ya kikundi kilichosajiliwa, na sheria ipo: ile ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Kuwe na mweka hazina ambaye si mwenyekiti na si mpenzi wa mwenyekiti. Wiki mbili baada ya kongamano, wekeni ukurasa mmoja hadharani: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi, nani alitoa nini. Hata kama mlipata hasara. Hasa kama mlipata hasara, ili wa Eldoret akitaka kuandaa yake asirudie.

Tumeandamana barabarani tukiwaambia wanasiasa wafungue vitabu. Halafu sisi wenyewe tunaandaa kongamano la siku moja na hakuna anayejua mandazi yaligharimu ngapi. Hiyo aibu tuimalize kwanza nyumbani.

Na mbadilishane uongozi. Usibebe kongamano mgongoni peke yako miaka mitano halafu ulie umechoka. Kila mwaka nusu ya kamati itoke, nusu ibaki iwafundishe wapya. Kitu kinachokufa siku mtu mmoja akihamia Berlin hakikuwa cha jumuiya.

Basi, wewe ufanye nini?

Posta ijayo ikikufikia, kabla ya kujaza fomu, waulize waandaaji mambo matatu kwenye maoni, mbele ya kila mtu: Nani amelipa, na ngapi? Namba yangu ya simu itapewa nani? Mzungumzaji anaweza kumkosoa mdhamini jukwaani? Wakijibu vizuri, nenda, hata kama ni bure. Wakikuzungusha, umejibiwa.

Na wale wachache wanaouza tiketi kwa soo tatu au ngiri moja na nusu, wakahangaika na ukumbi wa chuo na ndengu na ekstensheni za kuazima, wanunulie. Kama una mshahara, nunua mbili, ya pili iende kwa mtu wa mwaka wa kwanza usiyemjua. Siku hiyo ukae kwenye kiti chako, uinue mkono, uulize lile swali ambalo ofisini hukuweza kuliuliza. Hakuna atakayekuambia upunguze makali. Kiti umekilipia.